Sura ya Sita: Aliyemaliza Betri ya Babu

Kelestini alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, makatambuga yake ya tairi ameyapanga pembeni vizuri kama mgeni aliyekaribishwa. Sajini Yosefina alimwamkia kwanza. Kazi ni kazi, lakini mzee ni mzee, hata akiwa mahabusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umekula?"

"Nimekula."

Uongo mtupu. Sahani ya ugali ilikuwa palepale mlangoni, nzi wanajilia kwa raha zao. Yosefina akaisogeza kwa mguu, akavuta kigoda, akakaa.

"Mzee Kelestini, leo ni mara ya mwisho nakuuliza. Kesho asubuhi jalada linakwenda kwa hakimu. Mkuu wa kituo ameshasema, na akisema amesema. Mtu amekufa, huu si mchezo. Uliwahi kumpa mtu yeyote ile betri?"

"Sikumpa."

"Uliwahi kuitumia mwenyewe? Redio, taa, chochote?"

"Sikuitumia."

"Basi nani aliimaliza?"

Hapo mzee akanyamaza. Yosefina alikuwa amehoji wezi wa baiskeli, wezi wa mpunga na mwizi mmoja wa kengele ya kanisa, na jambo moja alilijua: asiyejua huapa. Ataapa kwa mama yake, kwa Bikira Maria, kwa mbingu na nchi. Huyu hakuapa. Alifunga mdomo, akatazama makatambuga yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Huko Mofu, mradi wa mafuriko uliweka mashine kwenye uwanja wa zahanati. Boksi la chuma juu ya nguzo ya saruji, ndani yake kompyuta ndogo, waya umeteremka hadi mtoni kwenye boya, sola juu, na chini betri kubwa kama ya gari. Maji yakipita alama, king'ora kinalia, na watu waliolala bondeni kwenye madungu yao ya kulindia mpunga wanakimbilia juu. Wanakijiji waliipa jina: Babu. Kelestini ndiye aliyekuwa mlinzi wake, na ufunguo wa chumba cha betri aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Masika ile ya mwaka tisini na tisa maji yalipanda na Babu hakutoa hata mguno. Betri ilikuwa imekauka. Mzee Egidius akasombwa pamoja na dungu lake. Walimpata kesho yake, amenasa kwenye matete. Kabla hata kaburi halijafukiwa, kijiji kizima kikawa na neno moja: Kelestini alikuwa akimkodisha Fulgensi betri, Fulgensi yule mwenye kibanda cha video. Lisemwalo lipo, wakasema, na kwa methali hiyo mtu anaweza kwenda jela kabisa.

Yosefina akainuka. Alikuwa ameshika komeo la mlango mzee alipomwita.

"Mwanangu. Yule mama Serafina, mke wa marehemu. Nani analala naye?"

"Dada zake wamekuja kutoka Kiberege."

"Wasimwache peke yake," Kelestini akasema. "Hasa jioni. Jioni ni mbaya."

Yosefina akasimama kidogo. Mzee ana mke wake mwenyewe na wajukuu, na kesho anasomewa mashtaka, lakini swali lake pekee ni la mjane wa watu. Hakumwuliza kwa nini. Alilichukua neno lile, akaondoka nalo.

*

Injinia Gosbert ndiye aliyeendesha pikapu ya mradi kwenda Mofu. Alikuwa kijana mpole, shati limechomekwa, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Tangu mazishi alikuwa akija kituoni kila siku kuuliza kama kuna la kusaidia, mpaka makoplo wakaanza kumtania kwamba anataka kuandikishwa polisi.

Walitoka Ifakara wakipishana na baiskeli zilizobeba magunia, baiskeli zilizobeba mbuzi, baiskeli zilizobeba bibi harusi. Baada ya Idete barabara ikawa tope, na Gosbert akanyamaza ili aendeshe.

"Nieleze kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida," Yosefina akasema. "Mkuu wa kituo anadhani ni ule ugonjwa wa kompyuta wa mwaka elfu mbili, umewahi kufika."

Gosbert akacheka kidogo, kicheko cha kwanza siku ile. "Mwambie bado. Siri ya ile mashine, afande, ni usingizi. Ndani kuna programu inaitwa Linux. Kompyuta kama ile ikikaa macho mchana na usiku, betri itakufa mapema. Kwa hiyo tumeifundisha kulala. Kila saa inaamka, inachungulia maji, inalala tena. Ikilala inakunywa umeme kidogo sana, wa kuendesha saa yake tu. Kwa hesabu yangu, hata jua lisipotoka wiki tatu, betri ingebaki na nguvu ya kupiga king'ora."

"Na jua halikutoka muda gani?"

"Haikufika hata wiki moja."

"Basi kuna mtu alikula umeme wako."

"Ndivyo wanavyosema," Gosbert akajibu, na sauti yake haikuwa na furaha. "Mimi ndiye niliyemwajiri Mzee Kelestini. Alikuwa akimpangusa Babu vumbi kwa kitambaa cha Pasaka. Siwezi kuamini."

"Usiamini, usikatae," Yosefina akasema. "Endesha."

*

Alianza na Fulgensi, kwa sababu kila mtu alikuwa ameanza naye. Kibanda chake kilikuwa cha mabua, ndani televisheni ndogo imefunikwa kitambaa kama maiti ya mtoto. Fulgensi mwenyewe aliinuka haraka.

"Afande, naapa kwa Mungu wangu, sikuchukua!"

"Vizuri, umeapa. Sasa jibu. Uliwahi kuiomba ile betri?"

"Niliomba. Mara moja. Betri yangu ilikuwa Ifakara inachajiwa, na watu walishalipa kiingilio cha karate. Nikamwendea Mzee Kelestini."

"Akasemaje?"

"Alinifukuza na panga mpaka kwa mwenyekiti! Muulize mwenyekiti, alicheka mpaka akakaa chini."

"Nionyeshe unavyounganisha."

Fulgensi akatoa waya zake. Mwisho wa kila waya kulikuwa na kibanio cha chuma chenye meno. Alipokibana kwenye betri yake, meno yakaingia kwenye risasi laini ya kichwa cha betri, yakaacha alama mpya juu ya mamia ya alama za zamani. Yosefina akapitisha kidole juu yake.

"Huna waya nyingine?"

"Ningezipata wapi, afande? Hizi zenyewe nilipewa na shemeji."

*

Mwenyekiti Anselim alikuwa akiwasubiri zahanati, na watu wachache nyuma yake. Ndiye aliyemkamata Kelestini kwa mikono yake mwenyewe na kumpeleka Ifakara, na hakuwa mtu wa kuficha anachofikiri.

"Sajini, mwizi mnaye, mnatafuta nini tena huku?"

"Tumsifu Yesu Kristo, mwenyekiti," Yosefina akasema.

Anselim akaona haya. "Milele amina. Karibuni. Samahani, uchungu unatutoa adabu."

"Si kitu. Nakuhitaji wewe hasa. Njoo uwe shahidi."

Babu alikuwa amesimama kwenye nguzo yake, kioo chake kidogo cha kuonyesha namba kimekufa, kitufe chake cheusi kimechakaa na kung'aa kwa kubonyezwa. Chini yake kilikuwa chumba cha betri, mlango wa chuma na kufuli. Yosefina hakugusa kitu. Alichuchumaa, akatazama kufuli, akatazama bawaba, kisha akatazama ule ufa kati ya mlango na fremu. Akabaki hapo hadi magoti yakamuuma.

"Injinia, tangu mafuriko ulishaufungua mlango huu?"

"Hapana. Mliniambia nisiguse. Nilipima betri kutokea nje, kwenye tundu hili la kupimia, nikakuta imekwisha."

"Mara ya mwisho ulifunguliwa lini?"

"Nilipokuja Kwaresima. Jumatano ya Majivu ilikuwa imepita tu."

"Mwenyekiti, sogea hapa. Unaona nini?"

Anselim akainama. "Nyigu. Kiota cha nyigu wa udongo."

"Kimejengwa wapi?"

"Hapa kwenye ufa. Kimeshika mlango, kimeshika na fremu."

"Ni kipya?"

Mwenyekiti alikuwa mkulima, hakuhitaji kufundishwa nyigu. Akakigusa kwa ukucha. "Siyo kipya. Kimeshakauka kama tofali, na watoto wameshatoboa wakatoka. Hiki ni cha..." Akakatiza maneno. Akasimama polepole.

"Malizia, mwenyekiti."

"Hiki ni cha kabla ya mvua."

"Mtu anaweza kufungua mlango huu bila kukivunja?"

Anselim akatikisa kichwa. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Yesu na Maria," kwa sauti ya chini.

Yosefina akamkabidhi mwenyekiti ufunguo wa mzee, aliotoka nao kituoni. Anselim mwenyewe akafungua, na kiota kikapasuka vipande viwili mbele ya macho ya wote. Betri ilikuwa imekaa kimya ndani, mafuta mazito ya injinia bado yamepakwa kwenye vichwa vyake, hayana alama ya jino wala kidole. Kwa Fulgensi haikuwahi kufika.

"Na hili tundu la kupimia?" Yosefina akauliza. Hakupenda kuacha mlango wazi nyuma yake. "Mtu hawezi kunyonya umeme hapa?"

"Lina fyuzi nyembamba kama unywele," Gosbert akasema, akaichomoa na kuinyanyua juani. "Ukichomeka hata redio kubwa inakatika. Ni nzima, tazameni."

Wakatazama. Ilikuwa nzima.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," Yosefina akawaambia. "Betri haikutoka humu ndani. Hakuna aliyeiiba."

"Lakini imekwisha!" Anselim akasema, karibu kwa kulia. Alikuwa akiiona mikono yake ikimsukuma mzee mwenzake kwenye gari. "Kama hakuna aliyekula, imekwenda wapi?"

Hilo ndilo lililobaki, na bila jibu lake hakimu angesema nyigu hasomeki mahakamani.

*

Gosbert alikuwa amekuja na betri nyingine iliyojaa. Akaifunga, na kati ya betri na mashine akaweka mita yenye mshale, ili kila tone la umeme linalokwenda kwa Babu lipite hapo lihesabiwe. Babu akaamka, akalia mara moja, akatulia. Mshale ukashuka hadi karibu na sifuri.

"Amelala," Gosbert akasema. "Hivi ndivyo anavyotakiwa."

Wakangoja. Saa ilipotimia Babu akaamka mwenyewe, mshale ukapanda, akapima maji, mshale ukashuka. Kila kitu sawasawa. Gosbert akajifuta uso. Yosefina akamwacha na mita yake, akaenda kukaa kwenye benchi la zahanati pamoja na muuguzi, Brigita, aliyekuwa akichemsha sindano.

"Kitufe kile mbona kimechakaa vile?"

Brigita akatabasamu. "Ni kwa kuamkiwa, afande. Siku ya uzinduzi injinia alituambia, mkitaka kujua maji yakoje mbonyezeni, atawajibu. Sasa mtu atapitaje mbele ya Babu bila kumwamkia? Hapa kwetu ukimpita mzee kimya wanasema umelaaniwa. Akina mama wakienda mtoni, shikamoo Babu, wanabonyeza, namba inatokea. Wavuvi vilevile. Hata padri alipokuja alimwamkia."

"Hata wiki ile ya mvua?"

"Wiki ile nani alikuwepo? Kijiji kizima kilikuwa bondeni kwenye mpunga. Juu huku tulibaki mimi, Mzee Kelestini, na mama Serafina kwa sababu ya mguu wake."

Yosefina akaweka chini kikombe cha chai alichopewa na muuguzi. Jioni ni mbaya, mzee alisema.

Hakupata nafasi ya kuuliza zaidi. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na kwenye njia ya kutoka makaburini alitokea mwanamke wa umri mkubwa, amejifunga kaniki, anajikongoja kwa fimbo. Watu wakampisha. Serafina hakumtazama mtu. Alipofika mbele ya Babu akasimama, akasema, "Shikamoo Babu," na mkono wake ukainuka wenyewe, kidole kikabonyeza.

Kioo kikawaka. Namba ikatokea. Ndipo alipokumbuka. Mkono ukabaki hewani.

"Samahani, wanangu," akasema, akawaona watu kwa mara ya kwanza. "Mkono umezoea. Kila jioni, mzee wangu akiwa kule chini, nilikuwa napita namuuliza Babu maji yakoje. Nikiona namba iko chini, ndipo napata usingizi."

Kioo kikazima. Brigita akamshika kiwiko akampeleka kwenye benchi.

Yosefina hakuwa akimwangalia mjane. Alikuwa akiutazama uso wa Gosbert, na Gosbert alikuwa akiutazama mshale. Mshale ulikuwa umepanda. Kioo kimezima, mashine imenyamaza, mtu yeyote angesema imelala. Mshale haukushuka.

"Utashuka?" Yosefina akanong'ona.

"Unatakiwa ushuke."

Wakasubiri. Kuku wakapanda bandani. Mshale haukushuka.

Gosbert akachukua bisibisi, akafungua ubavu wa boksi, akachungulia. Ndani, nyuma ya waya, kulikuwa na kitaa chekundu kimewaka, mwanga wake ukipenya kwenye matundu ya hewa kiasi cha kuonekana nje gizani tu. Akakaa chini kwenye tope na suruali yake safi.

"Ile redio," akasema. "Mungu wangu. Ile redio."

"Sema nielewe."

"Kwaresima nilikuja kufunga redio, ili ofisi ya Ifakara iweze kumwuliza Babu maji bila kusafiri. Nikaandika kwenye programu: mtu akikuamsha kwa kitufe, fungua redio, sikiliza. Sikuandika: ukimaliza, ifunge. Na redio ikiwa wazi kompyuta haiwezi kulala. Kioo kinajizima chenyewe, kwa hiyo kwa nje inaonekana imelala, kumbe iko macho. Inakaa macho usiku kucha mpaka alfajiri, saa yake inapoizima na kuiwasha upya."

"Hukuijaribu?"

"Niliijaribu mara nyingi! Ofisini, mezani kwangu, imechomekwa kwenye umeme wa ukutani. Umeme wa ukutani hauishi, afande. Kosa kama hili pale halionekani kamwe." Alishika kichwa. "Na Kwaresima jua lilikuwa kali. Kilichonywewa usiku sola ilikirudisha asubuhi. Masika ilipofunga mawingu, haikurudi kitu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kijiji kizima kilimtafuta mwizi wa umeme wa Babu, kumbe mlaji ni Babu mwenyewe, na aliyekuwa akimwamsha kila jioni, katika kijiji kitupu, alikuwa mwanamke mmoja mwenye mguu mbaya aliyetaka kujua mumewe yuko salama. Sasa Yosefina alielewa kwa nini mzee hakuapa.

"Tusimwambie," Gosbert akasema haraka. "Afande, nakuomba. Kosa ni langu. Niandikie maelezo hapa hapa, natia sahihi. Yeye hana haja ya kujua."

"Hakimu atauliza nani alibonyeza. Nikisema sijui, atasema mlinzi. Wiki ile walibaki watu watatu tu juu huku, na mmoja wao nimemfungia mahabusu."

"Atakufa kwa majonzi."

"Huenda," Yosefina akasema. "Lakini akisikia kesho kutwa kisimani, kwa midomo ya watu, ndiyo itamuua."

Akaenda kukaa kando ya Serafina. Hakuzunguka. Alimweleza kama anavyoelezwa mtu mzima: kwamba kitufe kilikuwa kinaamsha mashine, kwamba mashine ilikuwa na kasoro ya kutorudi kulala, kwamba kasoro iliwekwa na fundi bila kujua, na kwamba yeye alifanya kile alichoambiwa afanye siku ya uzinduzi, mbele ya kijiji kizima.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo kila nilipomuulizia mume wangu," akasema, "ndipo nilipokuwa namchosha Babu."

"Mama, kosa siyo lako."

"Nimesikia, mwanangu. Nimesikia yote." Machozi yalikuwa yakimtoka, hakuyafuta. Gosbert alikuja akapiga magoti mbele yake, akaanza kusema ni yeye, ni yeye, amsamehe. Serafina akamwekea mkono kichwani, akauondoa. "Nimekusikia na wewe, baba. Leo sina la kukujibu. Usinidai leo."

Kisha akamgeukia Yosefina. "Kelestini alikuwa anakaa pale pale kwenye kigoda chake. Kila jioni ananiona. Alijua?"

"Nadhani aliona kile kitaa chekundu hakizimi. Baada ya msiba akaunganisha mwenyewe."

"Na mlipomuuliza?"

"Alinyamaza."

"Mlimpiga?"

"Hapana, mama."

"Atafungwa?"

"Kesho asubuhi anasomewa mashtaka. Bila maelezo yako sina namna ya kumtoa."

Serafina akaikita fimbo chini, akajiinua, na Brigita alipotaka kumsaidia akamkatalia.

"Nipisheni nikachukue kanga ya kujifunika. Nitapanda gari la huyu kijana. Na wewe, Anselim," akamwambia mwenyekiti, ambaye alikuwa akijificha nyuma ya nguzo ya zahanati, mtu mzima na ndevu zake, "wewe uliyempeleka ndiwe utakayekuja kumrudisha. Panda nyuma."

*

Asubuhi yake jalada lilikuwa juu ya meza ya mkuu wa kituo, limefungwa kamba, dereva anangoja. Yosefina akaifungua ile kamba bila kuomba ruhusa. Akaweka maelezo ya Gosbert, akaweka ya Anselim juu ya kile kiota, na mwisho akaweka ya Serafina, yenye alama ya dole gumba. Mkuu wa kituo akasoma yote, akarudia ya mwisho. Alikuwa mtu mkali, lakini alipomaliza alivua kofia, akaiweka mezani.

"Mtoeni mzee wa watu," akasema.

Kelestini akaja amebeba makatambuga mkononi. Alipomwona Gosbert hakushtuka, wala alipomwona Anselim aliyekuwa akitazama sakafu. Alipomwona Serafina kwenye benchi, hapo ndipo alipopandwa na hasira, hasira ambayo siku zote za mahabusu hakuionyesha.

"Nani amemleta huyu mama hapa? Sajini! Nilikuambia nini? Nilisema asiachwe peke yake, sikusema aletwe polisi!"

"Nimejileta," Serafina akasema.

"Nani amekuambia?"

"Nimeambiwa."

Hasira ikamwishia. Akaketi kwenye benchi, mbali naye kidogo kama adabu inavyotaka, akayaweka makatambuga chini. "Nilikiona kile kitaa," akasema. "Nikasema nitamkatazaje, mama wa watu ana mume bondeni. Namba ile ndiyo faraja yake. Sikujua kama betri itafika mwisho. Kisha Egidius akafa, na mimi nikasema, basi, hili litakwisha na mimi. Sikutaka ujue, Serafina. Mimi mzee. Jela ningekaa tu."

"Ungekaa tu," Serafina akarudia.

"Ningekaa."

"Na mkeo angekula nini? Na mimi ningepita mlangoni kwako kila siku nikikutukana moyoni, muuaji wa mume wangu, mpaka nakufa?" Sauti yake ilikuwa imepanda, koplo aliyekuwa akiandika akaacha kuandika. "Egidius nimemzika, Kelestini. Nimemzika na nimemlilia. Ulitaka na wewe nikuzike, ungali hai?"

Kelestini akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na mzee yule ambaye hakuwa ametoa chozi hata moja mbele ya polisi akalia pale kwenye benchi la kaunta mbele ya kila mtu. Serafina hakumbembeleza. Alisogea mpaka nafasi iliyokuwa kati yao ikaisha, akakaa hapo, wakalia wote wawili.

Mkuu wa kituo akamwambia koplo afunge mlango, watu wa nje wasichungulie.